Kumkinga na Maambukizi Mtoto Anayetibiwa Saratani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mlezi

Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe ana saratani ya damu, au kwamba uvimbe uliojitokeza kwenye taya ni limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya tezi za limfu, akili yake yote huenda kwenye ugonjwa huo na jina lake. Dripu ya kwanza ya dawa ikishaisha, daktari na muuguzi huanza kumzungumzia kitu kingine ambacho hakukitarajia, nacho ni homa. Huulizwa kama nyumbani kuna kipimajoto, anaishi umbali gani kutoka hospitalini, na kama watoto wengine wa nyumba hiyo wamechanjwa. Maswali hayo huonekana madogo mbele ya neno saratani. Hata hivyo, maambukizi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto walio katikati ya matibabu, na wapo wanaopotea kwa njia hiyo ilhali saratani yenyewe ilikwisha kuanza kurudi nyuma.

Mwongozo huu unamlenga mzazi au mlezi wa Afrika Mashariki anayekaa na mtoto nyumbani katika siku zilizo kati ya dozi moja ya dawa na nyingine. Kliniki yako ikikupa maelekezo yanayotofautiana na haya, fuata ya kliniki, kwa sababu wao ndio wanaoijua damu ya mtoto wako. Karibu na mwisho nimeweka pia maelezo mafupi kuhusu watoto wenye selimundu (sickle cell) na wale wanaotumia steroidi, yaani dawa kama prednisoloni, kwa muda mrefu.

Kinachotokea mwilini

Dawa za saratani hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini vilevile ni za namna hiyo chembe za uboho, utando wa kinywa na utando wa utumbo. Uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, ndio unaotengeneza chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, ambazo huwa za kwanza kufika bakteria wanapoingia mwilini. Kwa dawa nyingi, idadi ya nyutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda taratibu. Kwenye majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, nyutrofili zilizo chini ya 1,500 kwa mikrolita huhesabiwa kuwa pungufu, na zikishuka chini ya 500 mtoto yuko katika hatari kubwa. Muombe daktari akuonyeshe nambari hiyo kila mara na uiandike kwenye daftari, pamoja na tarehe ya dozi.

Yako mambo mawili ambayo mlezi akiyaelewa, mengine yote humwia rahisi. La kwanza ni kwamba bakteria wengi wanaomshambulia mtoto huyu hawatoki kwa jirani wala kwa mgeni, bali wanaishi tayari tumboni, kinywani na kwenye ngozi yake, na hupata upenyo wa kuingia kwenye damu pale utando unapochubuka. Kwa hiyo kumfungia mtoto chumbani siku nzima na kumnyima wenzake hakumkingi kiasi ambacho familia nyingi hudhani. La pili ni kwamba usaha hutengenezwa na nyutrofili zenyewe. Zikikosekana, kidonda kinaweza kuwa na maambukizi bila usaha, na pafu linaweza kushambuliwa kukiwa na kikohozi kidogo tu. Homa ndiyo dalili inayobaki, na mara nyingi huwa peke yake.

Hatua ya kwanza: jiandae kwa homa kabla haijaja

Katika mwongozo mwingine hatua hii ingewekwa mwisho. Naiweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa hata nyumba safi kuliko zote haiwezi kuzuia kila homa, na kinachoamua hatima ya mtoto ni muda unaopita kati ya homa kuanza na antibiotiki kuingia mshipani.

Nunua kipimajoto cha kidijitali, kiwe cha mtoto huyo peke yake, na betri yake uijaribu kila wiki. Tafuta namba ya simu ya wodi au ya muuguzi wa zamu, uihifadhi kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kisha uiandike pia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, maana simu huzima chaji usiku wa homa. Tenga nauli ya dharura isiyoguswa kwa matumizi mengine, na uzungumze mapema na dereva wa bodaboda, bajaji au teksi anayekubali kuamshwa saa nane za usiku. Weka tayari mfuko wenye khanga mbili, nguo za mtoto, daftari la kliniki, majibu ya damu ya karibuni na kadi ya bima kama ipo.

Mwombe daktari pia akuandikie barua fupi ya kumwonyesha muuguzi wa mapokezi katika kituo chochote utakachofikia. Maneno yake yanaweza kuwa hivi: «Mtoto huyu anatibiwa saratani ya damu. Dozi ya mwisho ya dawa ilikuwa tarehe fulani. Kinga yake iko chini na homa kwake ni dharura. Asikae kwenye foleni. Asiwekewe dawa wala kipimajoto njia ya haja kubwa. Asichomwe sindano ya msuli. Tafadhali piga simu namba hii kabla ya kumruhusu.» Mama mwenye karatasi kama hiyo yenye mhuri wa hospitali husikilizwa haraka kuliko mama anayejieleza kwa mdomo huku analia.

Ikiwa unaishi saa nyingi kutoka hospitali ya rufaa, yaani wewe uko Kigoma na mtoto anatibiwa Mwanza, au uko Turkana na kliniki iko Eldoret, muulize daktari jambo moja zaidi: ni dawa gani ya mshipani ambayo hospitali ya wilaya inaweza kumpa kama dozi ya kwanza kabla ya kumsafirisha? Jibu hilo liwe ndani ya barua hiyo hiyo. Safari ndefu bila dozi ya kwanza ni hatari yenyewe.

Hatua ya pili: pima joto vizuri na uamue haraka

Mtoto akifukuta, akinyong'onyea, akikataa kula ghafla au akitetemeka kwa baridi, pima. Usitegemee kiganja cha mkono kwenye paji la uso, kwa sababu kiganja cha mtu aliyetoka kuosha vyombo na cha aliyetoka jikoni havisemi jambo moja. Futa jasho kwapani, weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa hadi iguse ngozi yenyewe wala si nguo, bana mkono wa mtoto kifuani na usubiri hadi kilie. Kama ametoka kuoga maji ya moto au alikuwa amefunikwa blanketi zito, subiri robo saa kwanza. Joto la kwapani husoma chini kidogo kuliko joto halisi la ndani ya mwili, kwa hiyo usijifariji kwa desimali. Kipimajoto kamwe kisiingizwe njia ya haja kubwa, kwani mchubuko mdogo mahali hapo humfungulia mlango bakteria.

Ukipata kati ya 37.5 na 37.9 na mtoto anaonekana mzima, usimpe dawa yoyote, andika saa na nambari, kisha pima tena baada ya nusu saa. Ukipata 38.0 au zaidi, piga simu na uanze safari. Vituo hutofautiana kidogo, kwani vingine huhesabu homa kuwa 38.0 iliyodumu saa moja au 38.3 iliyoonekana mara moja, lakini aliye nyumbani hana faida ya kusubiri saa hiyo ipite akiwa amekaa kitandani. Joto lililoshuka chini ya 36.0 kwa mtoto aliyelegea lina uzito uleule wa homa. Mikono na miguu ya baridi huku mwili ukiwa moto, pumzi za haraka, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida au kutokojoa kwa nusu siku ni ishara za kuondoka hata kama kipimajoto kinasoma 37.2, hasa kwa mtoto anayetumia prednisoloni au deksamethasoni, kwa sababu dawa hizo huificha homa.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumpa Panadol kwanza ili kuona kama homa itashuka. Itashuka, na bakteria watabaki damuni wakiongezeka, nawe utalala ukiamini mambo yamekwisha. Parasetamoli hutolewa baada ya homa kupimwa, kuandikwa na daktari kuambiwa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hazitolewi kabisa bila ruhusa yake, kwa kuwa chembe sahani za mtoto, zile zinazogandisha damu, huwa zimeshuka na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Mazungumzo ya simu hayahitaji kuwa marefu.

«Sista, habari za usiku. Mtoto ana 38.4, nimepima mara mbili.»

«Pole, mama. Dozi ya mwisho alipata lini?»

«Jumatatu ya wiki iliyopita.»

«Umempa Panadol?»

«Sijampa.»

«Umefanya vizuri. Mlete sasa hivi, usingoje kukuche.»

Jumatatu ya wiki iliyopita maana yake ni kati ya siku saba na kumi na tatu, yaani ndani kabisa ya kipindi cha hatari, na ndiyo sababu muuguzi hakuuliza kitu kingine. Mkifika hospitalini, lengo ni dozi ya kwanza ya antibiotiki ya mshipani iingie ndani ya dakika 60, hata kabla majibu ya maabara hayajatoka. Una haki ya kukumbusha kwa upole kila robo saa inapopita.

Katika nchi zetu kuna mtego wa ziada. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kusoma chanya, na muhudumu akaridhika kwamba sababu imepatikana. Malaria itibiwe, lakini kwa mtoto mwenye nyutrofili pungufu haitoshi kuondoa uwezekano wa bakteria kwenye damu, hivyo antibiotiki ianze pamoja nayo. Vivyo hivyo kuhusu yale majibu ya «UTI na taifodi» ambayo karibu kila mtu aliyewahi kuingia zahanati ameyapata: mtoto huyu asirudishwe nyumbani na vidonge kwenye bahasha kabla kliniki yake haijapigiwa simu.

Hatua ya tatu: mikono

Mikono ya mlezi ndiyo chombo kinachomgusa mtoto mara nyingi kuliko kingine chochote. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 40 hadi 60. Beseni moja ambalo familia nzima huchovya mikono kabla ya kula halifai hapa, kwa sababu wa mwisho hunawa uchafu wa wote. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo karibu na mdomo, likaning'inizwa kwenye mti na kufungwa kamba inayovutwa kwa mguu, na kipande cha sabuni kikaning'inia pembeni. Kiwekwe kimoja karibu na choo na kingine karibu na mlango, ili anayeingia anawe kabla ya kuulizwa. Kitakasa mikono chenye spiriti kinafaa safarini, ila hakiondoi tope wala kinyesi kilichoshika mkononi.

Wazazi wengi huona aibu kumwomba daktari au muuguzi anawe kabla ya kumgusa mtoto. Mwaka 1847, katika hospitali ya uzazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake waoshe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vya akina mama kwa homa ya uzazi vikapungua sana. Wenzake wengi walichukia. Tangu wakati huo taaluma yenyewe imekwisha kukubali, kwa hiyo sema tu, «Samahani dokta, naomba unawe kwanza», na anayeijua kazi yake atakushukuru.

Hatua ya nne: kinywa, ngozi na sehemu ya haja

Kwa kuwa bakteria wengi hutoka ndani ya mtoto mwenyewe, usafi wa mwili wake una kazi kubwa kuliko usafi wa sakafu. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa mswaki wenye nyuzi laini sana. Mswaki wa mti, ambao katika siku za kawaida ni mzuri, huchubua fizi za mtoto huyu na uwekwe kando hadi matibabu yaishe. Fizi zikianza kutoa damu, funga kitambaa laini safi kwenye kidole na usafishe meno nacho. Anayeweza kutema asukutue mara nne kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila asubuhi mwambie afungue kinywa mbele ya mwanga uangalie ulimi, ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Utando mweupe usiotoka kwa urahisi ukiufuta mara nyingi ni fangasi na una dawa yake. Vidonda vinavyomzuia kumeza mate ni sababu ya kupiga simu siku hiyo hiyo.

Mwogeshe kila siku kwa sabuni isiyowasha, umkaushe kwa taulo lake mwenyewe, hasa kwenye mikunjo ya kwapa na mapaja. Kucha zake na zako ziwe fupi. Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mahali dripu ilipochomwa paangaliwe kwa siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani, na pakiuma, pakivimba au mshipa ukiwa mgumu kama kamba, kliniki ijulishwe. Asitembee pekupeku: funza, kijiti na jiwe vyote huacha tundu, na minyoo wengine hupenya kupitia nyayo. Mmoja wao, strongiloidi, anaweza kuenea mwili mzima kwa mtoto anayepewa steroidi.

Sehemu ya haja kubwa huonewa haya na kwa hiyo husahauliwa. Vinkristini, dawa inayotumika katika saratani nyingi za watoto, hufanya choo kuwa kigumu, choo kigumu huchana, na mpasuko huo usioonekana huwa njia ya maambukizi makali. Mpe maji ya kutosha, papai lililomenywa nyumbani, na dawa ya kulainisha choo ikiwa daktari ameiandika. Akikaa siku mbili bila kupata choo, au akilia anapojisaidia, sema. Dawa ya kuingiza kwa nyuma, iwe ya dukani au ya miti shamba, isitumike.

Hatua ya tano: maji na chakula

Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, kama Eldoret, yatokote dakika tatu. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba au mdomo mwembamba, asije mtu akachovya kikombe.

Kanuni ya chakula ni kwamba kiwe kimepikwa kikaiva, kiliwe kikingali moto, na kisichoweza kupikwa kimenywe na mikono safi. Ndizi, chungwa, papai na embe ni salama zikioshwa kisha zikamenywa nyumbani. Kachumbari, saladi ya mgahawani, juisi ya miwa ya barabarani, barafu isiyojulikana maji yake na mtindi wa maziwa mabichi vingoje. Mayai yaive hadi kiini kigande. Nyama ya mshikaki iliyo nyekundu ndani si yake. Kiporo kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili asipewe, na chakula kilichotoka kwenye friji kichemshwe upya hadi chote kifuke mvuke, si pembeni tu. Karanga au unga ulioota ukungu utupwe hata kama ni mwingi.

Nasisitiza upande wa pili pia, kwa kuwa nimesikia orodha za makatazo ambazo zikifuatwa mtoto hubaki na uji mtupu. Tafiti zilizolinganisha lishe ya makatazo makali na chakula cha kawaida kilichoandaliwa kwa usafi hazikuonyesha kwamba makatazo hayo hupunguza maambukizi. Utapiamlo, kwa upande wake, hushusha kinga bila shaka yoyote. Akitamani wali na samaki wa kupaka saa nne asubuhi, mpikie.

Hatua ya sita: nyumba na wanaoingia

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, pamoja na usiku wa wodini. Chumba kipigwe deki au sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, kwani vumbi hubeba mbegu za kuvu zinazoweza kuota mapafuni. Kwa sababu hiyo pia akae mbali na jengo linalobomolewa na ghala la majani makavu. Kuku na vifaranga wasilale ndani, na kinyesi cha paka kisafishwe na mtu mwingine.

Wageni ni jambo gumu zaidi kwetu kuliko kuku. Mtoto akiugua, ndugu huja, na kumzuia shangazi aliyesafiri kutoka mkoani mlangoni huonekana ni kukosa adabu. Njia inayofanya kazi ni kumpa mtu mmoja anayeheshimika, babu au mjomba, kazi ya kueleza kwamba daktari ameagiza hivi: mwenye mafua, kikohozi, kuhara au vipele asalimie kwa simu, na mwingine anawe, akae muda mfupi na asimbusu mtoto. Agizo likitoka kwa daktari kupitia kwa mzee wa ukoo, hakuna anayenuna. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza, hata kama ni baba wa nyumba.

Misiba, harusi, ibada zenye msongamano na daladala za asubuhi ziepukwe katika siku za hatari. Ikibidi kusafiri, akae dirishani, avae barakoa, na muondoke saa ambazo gari halijazi. Nje ya siku hizo, acheze na mwenzake mmoja au wawili walio wazima. Kuhusu shule, muulize daktari kulingana na hatua ya matibabu.

Surua na tetekuwanga zinahitaji tahadhari ya pekee. Magonjwa haya hupita kwa hewa, na tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana. Mwambie mwalimu na majirani wakujulishe mara wanapoona mtoto mwenye vipele. Ukigundua kwamba mwanao alikaa chumba kimoja na mgonjwa, usingoje vipele vyake: piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu kingamwili za kuzuia surua hufaa zikitolewa ndani ya siku 6, na dhidi ya tetekuwanga daktari anaweza kutoa kingamwili au kupanga dawa ya asiklovia. Unapompeleka, tangulia kutoa taarifa ili asiketi kwenye benchi na watoto wengine wa kliniki.

Hatua ya saba: chanjo na dawa za kinga

Mtoto mwenyewe, akiwa kwenye matibabu, hapewi chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, yaani surua na rubela, polio ya matone, rota na BCG. Muuguzi wa kampeni ya chanjo anayepita nyumba kwa nyumba hawezi kujua hilo bila wewe kumwambia. Ndugu zake, kinyume chake, wakamilishe chanjo zote, ikiwemo ya surua na rubela ya miezi 9 na 18, kwani kirusi cha chanjo hiyo hakihami kwenda kwa mgonjwa. Isipokuwa polio ya matone: kirusi chake hutoka kwenye kinyesi cha aliyechanjwa, kwa hiyo omba ndugu wa nyumba hiyo wapewe ya sindano, na kliniki ikuelekeze. Mdogo wake akipata rota, nawa kwa makini kila unapombadilisha nepi.

Watoto wengi wenye saratani ya damu huandikiwa kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin, siku mbili au tatu kwa wiki. Haimtibu ugonjwa alio nao. Humkinga na nimonia ya kimelea kiitwacho nyumosistisi. Kwa kuwa si ya kila siku, husahaulika kwa urahisi, basi zizungushie siku zake duara kwenye kalenda na uweke alama kila akimeza. Usiisimamishe kwa kuwa anaonekana mzima.

Mambo yasiyofanywa kipindi hiki

Kukata kimeo, kung'oa kile kiitwacho meno ya plastiki, kuchanja chale, kutoga masikio na kutahiri vyote huacha jeraha ambalo mwili huu hauwezi kulifunga wala kulilinda. Najua kwamba bibi aliyesafiri na mganga wake hana nia mbaya. Mweleze kwamba damu ya mtoto kwa sasa haina askari, na kwamba tohara itafanyika matibabu yakiisha. Jino linalouma lisiguswe na yeyote kabla picha ya damu haijaangaliwa.

Watoto wenye selimundu na wanaotumia steroidi

Kwa mtoto mwenye selimundu, tatizo liko kwenye wengu, ambao hudhoofika tangu miaka ya mwanzo na kuacha damu bila chujio dhidi ya bakteria kama nyumokoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi ya nyumokoka kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wenye ugonjwa huo. Dozi ya kawaida ya penisilini V ni miligramu 125 mara mbili kwa siku chini ya miaka 3, na miligramu 250 mara mbili kwa siku kuanzia miaka 3 hadi 5. Chanjo ya nyumokoka ikamilishwe, dawa ya kukinga malaria itumike kama ilivyoandikwa, na homa ya nyuzi 38 ipelekwe hospitalini siku hiyo hiyo; ikifika 38.5, usingoje. Mtoto ambaye figo zake zinavuja protini, au anayetumia prednisoloni kwa sababu nyingine, anaweza kuwa na maambukizi ya tumbo bila homa yoyote: maumivu ya tumbo yanatosha kumpeleka.

Dawa za saratani zikiisha

Siku ya dripu ya mwisho familia huchinja kuku, na ni haki yao. Kinga, hata hivyo, huchukua miezi kurudi. Septrin huendelea hadi daktari aisimamishe, na chanjo za vimelea hai mara nyingi hungoja miezi 3 hadi 6, huku nyingine zikirudiwa kwa sababu matibabu hufuta kumbukumbu ya zile alizopata utotoni. Kwa hiyo peleka kadi yake ya kliniki ya watoto kwenye miadi ya kwanza baada ya matibabu, upangiwe tarehe hizo, na barua ile yenye mhuri ibaki kwenye mfuko hadi daktari mwenyewe aseme itolewe.